Matembezi Bila Mzigo

Mjukuu wangu alikuja Jumamosi asubuhi na raba mpya za kijivu, saizi yangu kabisa. Haikuwa Idi, haikuwa Krismasi. Mtu akikuletea viatu siku isiyo na jina, ujue kuna mahali anataka uende. Nikashukuru, nikazipindua nyayo juu, nikazikagua kama nanunua samaki.

"Bibi, leo tunakwenda kutembea."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, bibi. Tunatembea tu. Kuna njia ya mduara kule msituni, rahisi, unauona mto vizuri, unazunguka unarudi palepale."

"Palepale nilipotoka?"

"Palepale."

"Sasa si bora nikae?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nimepanda na kushuka milima hii ya Uluguru tangu nikiwa na meno ya utoto. Nimeshusha ndizi, nimeshusha magimbi, nimepandisha chumvi na mafuta ya taa. Hata bati za nyumba ninayokaa nilizipandisha mwenyewe, kichwani, safari baada ya safari. Lakini mduara sijawahi kutembea. Kwetu mtu akitoka anakwenda mahali, na akirudi ana kitu. Niliposikia tunakwenda kuzunguka na kurudi mikono mitupu, nikasema moyoni, hapa kuna jambo.

Na sikuwa mwendawazimu, nilikuwa na sababu zangu. Nyumba yangu iko juu ya Kilakala, kwenye mteremko. Shamba linashuka nyuma ya nyumba mpaka karibu na mto. Ardhi ni ya ukoo, lukolo tunavyosema sisi Waluguru, na kwetu inapita kwa wanawake. Mama yangu aliniachia mimi, mimi nitamwachia binti yangu anayekaa Mafiga, na yeye atamwachia huyu mjukuu wangu anayesoma chuo, mwenye akili kuliko ukoo mzima. Majirani zangu wawili wa chini walishauza. Walikuja watu wenye viatu safi, wakasifia upepo, wakasifia kuona mji wote kwa chini, halafu wakatoa karatasi na wino. Siku hizi pale pana ukuta na mbwa. Mimi niliapa kwamba nyumba hii nitatoka nimebebwa.

Lakini tangu vuli iishe nilikuwa nasikia harufu ya kitu kinachopikwa Mafiga. Binti yangu, ambaye zamani alikuwa ananipigia simu Jumapili kwa Jumapili, akaanza kupiga mara tatu kwa siku. Umekula? Umeamkaje? Umetoka nje? Kama polisi.

"Mama, nyumba kubwa hiyo kwa mtu mmoja."

"Kubwa wapi? Vyumba viwili na kuku."

"Mama, masika inakuja."

"Inakuja kila mwaka. Lini haikuja?"

Akanyamaza. Binti yangu akinyamaza kwenye simu, anahesabu.

Basi siku hiyo mjukuu hakuja peke yake. Alikuja na mwanamume mtu mzima, ana kipara, miwani, shati limechomekewa, na kalamu kwenye mfuko wa shati. Kalamu! Nikaiona kabla sijauona uso.

"Shikamoo mama," akasema, akainama vizuri.

"Marahaba."

"Huyu ni jirani yetu Mafiga," mjukuu akasema upesi. "Anafanya kazi hospitali. Na yeye anapenda kutembea."

Mtu wa hospitali, Jumamosi, anapanda mlima kwenda kutembea na bibi wa watu. Hana mke? Hana nguo za kufua? Nikampa kigoda, hakukaa. Akazunguka nyumba yangu mikono nyuma. Akateremka ngazi zangu za udongo zinazokwenda bombani, na nikaona midomo yake inavyocheza. Alikuwa anazihesabu.

"Mama, ngazi hizi mvua ikinyesha zinateleza?"

"Haziteleziii," nikavuta hivyo hivyo, ili aelewe.

"Na hapa unakaa na nani?"

"Nakaa na watu wengi."

Mjukuu akaangalia juu ya mparachichi kama kuna ndege. Mimi nikaingiza mikono ndani ya khanga, nikakunja kidole gumba nikakifunika na vingine vinne. Kidole hicho ndicho walichokichovya kwenye wino kwa jirani zangu.

Ningeweza kukataa kwenda. Lakini nikawaza, nikikataa watakwenda wenyewe na sitajua wamepima nini. Nikavaa raba.

Nikachukua panga na gunia kama kawaida yangu, maana huwezi kujua njiani utakutana na nini. Mjukuu akavichukua vyote viwili akavirudisha ndani.

"Leo usibebe kitu, bibi. Kitu chochote."

"Hata khanga ya pili?"

"Khanga sawa."

Begi la chakula na maji akalibeba mgeni.

Njia yenyewe imesafishwa na watu wa kijiji kwa ajili ya wageni wanaokuja kuona msitu. Wamepaka mawe rangi nyeupe ili mtu asipotee, kana kwamba mtu anaweza kupotea na mto unanguruma sikioni. Si njia ngumu, hilo nakubali. Mtoto wa miaka minne angeipita anaimba. Kivuli kizuri, ardhi laini, mto unauona unauacha, unauona unauacha.

"Tangulia wewe, bibi," mjukuu akasema.

Siku zote natangulia mimi. Lakini siku zote hakuna anayeniambia. Nikatangulia, masikio nyuma. Tukaenda kidogo, nikageuka ghafla. Mgeni ameinama, simu ameishika chini karibu na magoti yake, kamera inanielekea.

"Unapiga picha gani huko chini?"

"Maua, mama."

Maua gani? Pale palikuwa na matope na mavi ya kima.

Ndipo nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Siku hizi hawapimi kwa kamba. Mtu anatembea na simu, simu yenyewe inachora. Kwa jirani yangu ndivyo walivyofanya, walizunguka shamba kama wanapunga hewa, kesho yake ramani ipo. Na njia hii, karibu na mwanzo wake, inapita chini kabisa ya shamba letu. Kwa hiyo nikajiandaa.

Tulipofika pale, kweli, mgeni akauliza. "Migomba imependeza hii. Ya nani, mama?"

"Ya serikali."

"Na yale magimbi?"

"Ya serikali."

"Serikali inalima magimbi?"

"Inakula, kwa nini isilime?"

Mjukuu akadakia kwa nyuma, msomi wangu, akili zote zile. "Bibi! Si shamba letu hili? Si ndiyo pale kitovu changu kilipozikwa, kwenye mgomba ule?"

Nikamtolea macho. "Mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita tangu babu yake, marehemu, alipoanza kumwita mke wangu, "huo mdomo wako utatuhamisha."

Mgeni akatazama huyu, akatazama yule, akaandika kitu kwenye simu. Nikasema basi, imekwisha, imeandikwa.

Nikaongeza mwendo ili tulipite shamba haraka. Na hapo sasa lazima niseme ukweli: nilikuwa natembea vibaya. Mikono ilikuwa inaning'inia, sijui niiweke wapi. Shingo nyepesi kama si yangu. Nikikanyaga hapa mguu unakwenda kule. Kwenye mzizi mmoja nikaenda upande mzima mzima, nikashika jani la gugu, likang'oka, nikashika mti.

"Pole, bibi!"

"Pole ya nini? Naangalia mti."

Nyuma yangu pakawa kimya. Naujua ukimya huo. Ni wa watu wanaotazamana.

Katikati ya mduara pana mahali wameweka gogo la kukalia, mbele yake msitu umefunguka na mto unaonekana wote, unavyotoka kwenye ukungu juu na kushuka kati ya mawe, mweupe ukigonga, wa kijani ukitulia. Nimepita hapo maisha yangu yote na sikuwahi kukaa. Nilikuwa na mzigo siku zote, ukikaa unyanyue tena, nani wa kukutwika? Nikakaa. Nikaona kumbe pana uzuri. Halafu nikaona mpira mweusi umechomekwa mtoni, mtu anaiba maji ya kumwagilia bustani yake, nikajisikia nafuu kidogo. Angalau hilo nalijua.

Tukala mihogo ya kuchemsha na chai ya tangawizi. Mgeni akafuta vidole, akasimama mbele yangu.

"Mama, naomba ufanye jambo dogo. Simama kwa mguu mmoja."

"Mimi korongo?"

"Kidogo tu. Mimi niko hapa nitakushika."

"Siku hizi ardhi inauzwa kwa mguu mmoja?"

"Ardhi gani, mama?"

"Usinifanye mtoto! Umehesabu ngazi zangu, umepiga shamba langu picha, umeandika. Karatasi iko wapi? Itoe niichane hapa hapa, niitupe mtoni. Kidole changu hukipati!" Na nikamwonyesha ngumi, kidole kikiwa ndani.

Yule bwana akarudi nyuma nusu akae kwenye chupa ya chai. Mjukuu wangu akaanza kucheka, halafu nikaona si kucheka, macho yamejaa.

"Bibi, hakuna anayeuza ardhi."

"Basi ni nini?"

"Mama ametandika kitanda."

"Kitanda gani?"

"Chako. Mafiga, chumba cha nyuma. Ametandika, ameweka chandarua, ameweka na kindoo cha usiku. Anasema masika isikukute huku peke yako. Alitaka gari lije wiki iliyopita. Mimi ndiye niliyemwomba asubiri, kwanza mtu anayejua miguu aangalie unavyotembea. Kazi yake ndiyo hiyo hospitali, kunyoosha watu waliovunjika. Akisema uko sawa, unabaki. Akisema hapana, gari linakuja Jumatatu."

Nikaangalia mto. Kumbe hawakuja kupima shamba. Walikuja kunipima mimi. Na mimi nimetembea mbele yao kama mlevi.

"Na kwa nini mnanidanganya? Njia rahisi, mduara, maua! Ungeniambia!"

"Wewe ndiye uliyeanza kudanganya, bibi."

"Mimi?"

"Mbuzi."

Nikaivuta khanga kiunoni.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo nilikuwa na alama kwenye nyonga, nyeusi kama bilinganya. Binti yangu aliiona nikibadilisha nguo, akauliza, nikamwambia mbuzi amenipiga kichwa.

"Mbuzi yupi, bibi? Mbuzi wako ulimuuza tangu Idi. Mama mwenyewe ndiye aliyekutafutia mnunuzi, Mwembesongo."

Kweli kabisa. Nilimsahau. Nilimsingizia mbuzi aliyekwisha kuliwa na pilau.

Mgeni akakaa chini kwenye nyasi, siyo kwenye gogo, chini, akawa mfupi kuliko mimi. Akauliza taratibu, "Ulianguka mara ngapi, mama?"

"Niliteleza."

"Mara ngapi?"

"Mbili," nikasema. Ilitoka kama jino.

"Ulikuwa unapanda au unashuka?"

"Nashuka. Nakwenda bombani."

"Na ndoo?"

"Ndoo tupu, mkononi."

"Mara zote mbili?"

"Zote mbili."

"Na kurudi, ndoo imejaa, iko kichwani?"

"Nianguke na maji? Maji niliyoyapangia foleni?"

"Hujawahi?"

"Tangu nizaliwe."

Akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa. "Tangu tuanze njia hii umeyumba mara tisa. Nilikuwa nahesabu."

Tisa! Damu ikanipanda. "Nipe hilo begi."

"Bibi, hapana," mjukuu akasema.

"Lete begi, mke mwenzangu. Na tia mawe."

Hakutia, alisimama na mkono mdomoni. Mgeni ndiye aliyetia, mawe mawili ya mtoni, makubwa kama vichwa vya paka. Nikaikunja khanga ya pili, nikaizungusha ikawa ngata nzuri, nikaiweka utosini. Wakanitwika.

Sijui niseme vipi ili mtu ambaye hajawahi kubeba aelewe. Shingo ilikaa. Mgongo ukakaa juu ya kiuno, kiuno kikakaa juu ya miguu, kila kitu kikarudi nyumbani kwake. Macho yakainuka yenyewe yakaangalia mbele. Mikono ikaacha kuning'inia kijinga. Nikaondoka.

"Sasa piga maua yako!" nikamwambia mgeni bila kugeuka.

Nusu ya pili ya mduara inashuka, na ndani yake pana kijito kinachoingia mtoni, wameweka magogo mawili ya kuvukia na kamba ya kushika pembeni. Magogo yalikuwa na ukoko wa kijani. Niliyapita kama napita sebuleni, kamba sikuigusa. Nikafika ng'ambo, nikageuka mwili mzima, begi likiwa limetulia. Mjukuu alivuka amekishika kile kikamba kwa mikono yote miwili. Mgeni alivuka amekaa, makalio kwenye gogo, suruali ikalowa.

"Nani apelekwe Mafiga sasa?" nikauliza.

Alicheka mpaka miwani ikateleza puani. Lakini aliendelea kupiga picha, na mimi niliendelea kumshuku, maana mtu anaweza kucheka na bado akaandika hapana.

Tulipofika kwenye jiwe jeupe la mwisho, palepale tulipoanzia, wakanyoosha mikono wanitue. Nikakataa.

"Mpigie mama yako. Sasa hivi. Weka spika. Nataka nisikie linavyosemwa, sitaki kuletewa."

"Tukutue kwanza, bibi."

"Siutui huu mzigo mpaka nisikie."

Akapiga. Binti yangu akapokea mara moja, alikuwa amekaa na simu mkononi, nilijua.

"Anaendeleaje?"

Mgeni akasema, na namsifu, hakupaka sukari. "Dada, mguu wa kulia hauna nguvu kama wa kushoto. Akitembea mikono mitupu anayumba, na akishuka ndiyo zaidi. Nimekutumia video. Lakini angalia na ya pili, akiwa na mzigo. Nyumba si tatizo. Tatizo ni zile ngazi, wakati wa kushuka hana kitu kichwani. Tukiweka cha kushika, na akifanya mazoezi nitakayomwonyesha, na mvua ikinyesha asishuke kabisa, kwa maoni yangu anaweza kubaki."

Binti yangu akaifungua video. Tukasikia sauti yangu mwenyewe, ndogo, ndani ya simu: piga maua yako.

"Ana mawe kwenye begi?" binti yangu akauliza.

"Mawili," nikasema.

"Mama! Unasikia?"

"Nasikia. Niko hapa, nina mzigo kichwani, nakungoja wewe."

"Mama, akianguka mtu huko usiku nani atajua? Mbuzi?"

Mjukuu akageukia miti. Hata mgeni akageuka.

"Hakuna mbuzi," nikasema. "Nilianguka. Mara mbili. Ya pili nilikaa chini pale kwenye ngazi mpaka jua likanifikia, ndipo nikaweza kuinuka."

Hilo nilikuwa sijamwambia mtu, na sikupanga kulisema. Nilimsikia anavuta pumzi kule Mafiga, binti yangu, niliyembeba kwenye njia hizi hizi mgongoni, na tenga kichwani.

"Ukianguka tena utaniambia?"

"Nitakupigia mwenyewe."

"Kwa nini nikuamini, mama?"

Nilikuwa nimetoka asubuhi ile sina ninayemwamini, nimefika jioni nikakuta mimi ndiye nisiyeaminika. Shingo ilianza kuuma. Nikasema, "Sina la kukupa. Njoo uangalie nyonga yangu kila Jumapili ukitaka."

Akanyamaza tena, anahesabu. Halafu akasema, "Masika hii. Tuone masika hii tu."

"Nitueni," nikawaambia.

Wiki ile ile wakaja na mianzi, mjukuu na yule bwana, wakachomeka nguzo kando ya ngazi na kufunga mianzi ya kushika toka juu mpaka bombani. Nikapita fundo moja moja nikilivuta. Mawili nikamwambia yule bwana ayafungue ayafunge upya. Akafungua.

Sasa nikishuka bombani, natia jiwe ndani ya ndoo, najitwika, nashuka nalo. Nikifika chini nalitoa, nakinga maji, napanda. Jiwe lingine linaningoja juu. Jirani mwenye mbwa aliniuliza juzi, "Bibi, unahamisha mlima?" Nikamjibu ndiyo, naushusha kwake.

Mvua zimeanza. Binti yangu anakuja Jumapili, ananiambia nivue, anaangalia nyonga pande zote mbili, anabonyeza. Na kitanda kule Mafiga bado kimetandikwa. Nilimwambia mke mwenzangu ahamie yeye chumba kile, akasema alijaribu, mama yake amekataa mtu hata kukikalia. Chandarua kinafuliwa kila mwezi.

Kwa hiyo nashuka polepole, jiwe kichwani, mkono kwenye mwanzi, na macho mbele.